Kwa mwalimu anayetaka kusakinisha WordPress kwenye seva yake mwenyewe

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi mkoani Ruvuma aliniandikia ujumbe mrefu. Aliuliza kama mtu ambaye hakusomea kompyuta anaweza kuweka tovuti ya masomo kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti na kuwafungulia wasomaji) anayoisimamia mwenyewe, au abaki alipo, ambako kila mwaka analipa ada bila hata kujua tovuti yake inakaa wapi. Nilimjibu kwa kifupi kwamba anaweza, tena anapaswa. Jibu refu naliandika hapa, kwa sababu najua tuko wengi tunaotamani jambo hilohilo: mahali petu pa kuweka maswali ya majaribio, majibu na maelezo ya masomo, pasipotegemea hisani ya mtu.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Tovuti yangu ya maswali ya darasa la saba ilianzia kwenye seva ya wakala mmoja ambaye sitamtaja. Alinisajilia kikoa, yaani jina la tovuti kwenye mtandao, akaniwekea WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, akanipa nenosiri la kuandikia makala, nami nikawa nalipa kila alichodai, tena kwa wakati. Nilipotaka kuhama ndipo ilipodhihirika kwamba kikoa alikuwa amekisajili kwa jina lake bila kuniambia, hifadhidata yote, yaani mahali makala zinapotunzwa, ilikuwa mikononi mwake, na gharama ya kunikabidhi ilikuwa kubwa kuliko ada ya mwaka mzima. Nilipomwambia kwamba nitajenga upya mwenyewe, alinijibu kwamba ualimu na seva wapi na wapi. Sitaficha kwamba maneno yale yananiuma hadi leo. Makala zile niliziandika usiku, baada ya kusahihisha madaftari, na ilinibidi kuzinakili moja moja kutoka kwenye kivinjari kana kwamba naiba kazi ya mtu mwingine. Leo zote ziko kwenye seva yangu, na mwaka jana, katika majuma yale ya kuelekea mtihani wa Septemba ambapo wazazi na wanafunzi hufurika, tovuti haikuanguka hata mara moja. Najivunia jambo hilo, na sioni sababu ya kulisema kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo, mwalimu, usianze na WordPress. Anza na kikoa. Kisajili kwa jina lako na kwa baruapepe yako mwenyewe, si ya fundi wala ya shemeji anayejua kompyuta, kisha nenosiri la akaunti ya msajili ulihifadhi unapohifadhi vyeti vyako. Tovuti iliyo kwenye kikoa cha mwingine ni nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja chenye hati ya jirani.

Wengi huniuliza kama wanaweza kutumia kompyuta ya zamani iliyoko nyumbani. Kwa kujifunzia, naam, na ningependa kila mwalimu aanzie hapo. Kwa tovuti inayosomwa na watu, hapana. Umeme hukatika, na intaneti ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, hivyo mtu aliye nje hana njia ya kuifikia mashine yako moja kwa moja. Kodi seva pepe ndogo (sehemu ya kompyuta kubwa ya kampuni) yenye gigabaiti 1 au 2 za RAM. Kampuni nyingi hutoza dola chache tu kwa mwezi. Chagua Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa familia ya Linux, kwa kuwa toleo hilo la mwaka 2024 limeahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka mitano, na mwalimu hana muda wa kuhamisha mfumo kila muhula.

Seva ikishawaka, kabla ya jambo lingine lolote tengeneza akaunti ya kawaida yenye mamlaka ya sudo (ya kuendesha amri za msimamizi inapobidi), weka ufunguo wa SSH (faili la siri la kuingilia seva kutoka mbali), kisha zuia kuingia kwa nenosiri na kuingia moja kwa moja kama root, msimamizi mkuu wa seva. Kwenye ngome ya seva (firewall) acha wazi poti, yaani milango ya mtandao, tatu tu: 22 ya SSH, 80 na 443 za tovuti. Anayeona huu ni woga na afungue faili la /var/log/auth.log, linaloandika majaribio ya kuingia, kwenye seva iliyowashwa asubuhi ya leo. Atakuta mistari na mistari ya majaribio ya kuingia kwa jina la root, kisha admin, kisha test, yakifuatana kila baada ya sekunde chache, kutoka nchi ambazo hajawahi kufika wala kumjua mtu. Hakuna anayekulenga wewe. Ni programu zinazopita kila anwani ya IP duniani zikigonga milango. Kwa kuwa WordPress huendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote, anayejifunza kuivunja amejifunza kuvunja karibu nusu ya mtandao.

Usakinishaji wa Nginx (inayowapelekea wasomaji kurasa), PHP (lugha ambayo WordPress imeandikiwa) na MariaDB (inayoendesha hifadhidata) ni amri chache ambazo maelekezo yake yapo kila mahali, kwa hiyo sitayarudia. Nitasema tu kwamba hifadhidata iundwe kwa utf8mb4, mpangilio unaobeba herufi na alama zote, na mtumiaji wake awe na mamlaka juu ya hifadhidata hiyo peke yake.

Panapotaka umakini ni kati ya kupakua WordPress na kumaliza kuisakinisha. Mafaili yakishawekwa kwenye folda ya tovuti, mtu wa kwanza kufungua ukurasa wa usakinishaji ndiye anayechagua jina na nenosiri la msimamizi, na mfumo hauulizi kama ni wewe. Wengi hudhani kwamba hakuna anayejua tovuti yao ipo, kwa kuwa hawajamwambia mtu. Lakini unapoomba cheti cha bure cha Let's Encrypt, kinachoiwezesha tovuti kutumia https, jina la kikoa chako huandikwa papo hapo kwenye daftari la vyeti lililo wazi kwa umma, na zipo programu zinazolisoma daftari hilo mfululizo zikitafuta tovuti ambazo usakinishaji wake haujakamilika. Ukiweka mafaili, ukaomba cheti, kisha ukaenda kula chakula cha jioni, unaweza kurudi ukamkuta msimamizi mwingine ameshaketi. Mimi nilisakinisha kutoka ndani ya seva kwa WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi, kwa amri ya wp core install, kabla sijaifungua Nginx kwa dunia na kabla sijaomba cheti, na ndivyo ninavyomshauri kila mtu. Jina la msimamizi lisiwe admin. Cheti chenyewe hudumu siku 90, na certbot, programu inayokiomba, hukihuisha bila kukumbushwa. Hata hivyo hakikisha kwa kuendesha certbot renew --dry-run, ambayo ni jaribio tu.

Kisha kuna ruhusa za mafaili. Picha ikikataa kupanda, utakutana na washauri watakaokuambia uipe folda ruhusa ya 777, inayomruhusu yeyote kwenye seva kuandika humo. Usikubali. Folda ziwe 755, mafaili yawe 644 (mwenye faili huandika, wengine husoma tu), na wp-config.php, lenye nenosiri la hifadhidata, libanwe zaidi ya hapo. Mara nyingi tatizo la picha si ruhusa kabisa: Nginx kwa kawaida hukataa chochote kinachozidi megabaiti 1 na kurudisha kosa la 413, na PHP nayo huishia megabaiti 2, wakati karatasi ya mtihani iliyopigwa skani huvuka ukubwa huo bila shida. Badilisha client_max_body_size upande mmoja, kisha upload_max_filesize na post_max_size upande wa pili.

Kuhusu Septemba, siri ni hesabu. Kila mchakato wa PHP hula makumi ya megabaiti, na RAM ikiisha, Linux huua programu inayotumia nafasi kubwa, ambayo mara nyingi ni MariaDB. Ndipo wasomaji wanapoona ule ukurasa mweupe unaosema kwamba hifadhidata haipatikani. Gawanya RAM iliyobaki kwa ukubwa wa mchakato mmoja, na jibu lake ndilo kikomo cha pm.max_children, mpangilio wa idadi ya juu ya michakato ya PHP. Ongeza faili la swap, nafasi ya diski inayoisaidia RAM, kisha iruhusu Nginx ihifadhi nakala za kurasa, ili wanafunzi mia wanaofungua zoezi moja la sehemu wasiiamshe hifadhidata mara mia. Mwalimu wa Hisabati asiambiwe kwamba hili ni la mafundi.

Nakala za akiba zisikae kwenye seva ileile. Kila usiku seva yangu huendesha mysqldump, inayonakili hifadhidata, na kuifungasha folda ya wp-content, yenye picha na mafaili yaliyopakiwa, na kompyuta ya nyumbani huvuta nakala hiyo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, aliyekuwa na kazi yake yote ng'ambo pekee alijua maana ya kuwa na nakala mezani. Na nakala ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. Kila muhula mimi huirejesha kwenye ile kompyuta ya zamani na kuufungua ukurasa wa mwanzo, kwa sababu niliwahi kunyimwa kazi yangu na mtu aliyeishika, na sitampa yeyote nafasi hiyo tena.

Walimu, tunawafundisha watoto kujitegemea, kisha sisi wenyewe tunakabidhi kazi ya miaka yetu kwa mtu asiyejua hata tunafundisha somo gani. Amri hizi si ngumu kuliko kanuni tunazowafundisha watoto. Zinataka subira na kusoma kile ambacho mashine imeandika.

Mwalimu wa Ruvuma, anza na kikoa juma hili, na kila amri utakayoandika kwenye seva iandike pia kwenye daftari pamoja na tarehe yake. Ukikwama usinitumie picha ya skrini ya simu. Nitumie mistari kumi ya mwisho ya /var/log/nginx/error.log, faili la makosa ya Nginx, nami nitakujibu jioni baada ya vipindi.