Mlima ulioupeleka Mikindani

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, na bibi yako hajambo ila magoti. Kusi linavuma tangu alfajiri. Mikorosho imetoa maua, na kaka yako kutwa yuko shambani na mashine ya salfa. Akirudi jioni nguo zake hazikaribiki.

Ujumbe wako niliusoma usiku, asubuhi nikausoma tena nikiwa na miwani. Umenieleza kwamba huko Dar es Salaam, kwenye maonyesho, mzee mmoja alisimama mbele ya picha yako ya ghuba yetu, akaitazama kwa muda, kisha akasema yeye ni mtu wa Mikindani na hajapata kuona pale mlima uliokatika namna ile juu ya maji. Akasema umewadanganya watu. Nawe ukaniuliza: Mama, kuchora mandhari kutoka kichwani ni uongo? Nirudi nyumbani nikae juani na brashi, nichore kilichopo tu? Na kama ni kilichopo tu, kamera ya simu haijatosha?

Sikukujibu kwa simu kwa sababu jambo hili nimekaa nalo tangu wewe hujazaliwa, na sikutaka kulimaliza kwa maneno mawili.

Unajua nilivyokuwa nafundisha. Vitabu vya jiografia vilikuwa vitatu kwa darasa zima, tena picha zake zimefifia. Nilikuwa nafika shuleni kabla ya kengele, nachora somo ubaoni. Siku moja ikafika zamu ya Mlima Kilimanjaro, nami wakati huo nilikuwa sijawahi hata kuvuka Rufiji. Nikasimama na chaki mkononi nikijiuliza theluji inakaaje juu ya mlima. Nikakumbuka mashamba ya chumvi asubuhi mapema, chumvi ikiwa imerundikwa na bado haijafunikwa: jua linaipiga upande mmoja inawaka, upande wa pili unabaki na kivuli cha buluu kama moshi. Basi nikailaza chaki ubavu, nikaisugua upande wa kulia tu, upande wa kushoto nikaiacha rangi ya ubao ichungulie. Watoto walipoingia walinyamaza. Mmoja akauliza, "Mwalimu, inaungua?"

Miaka mingi baadaye tulikwenda Moshi kwenye harusi ya binamu yako, na asubuhi ya pili mawingu yakafunguka. Umbo la mlima nilikuwa nimelikosea kabisa. Wangu ulichongoka kama pia, kumbe wenyewe ni mpana, umetulia kama mtu mzima aliyekaa mkekani. Lakini mwanga ule juu ya theluji nilikuwa nimeupata. Nililia pale, ukadhani nimeumwa na baridi. Chumvi ya Mtwara ilikuwa imenifundisha theluji ya Kilimanjaro.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuchora kutoka kichwani ni kuchora kutoka hewani, simkubalii.

Hata huo mtindo wa kukaa nje na rangi, ambao watu wanaudhani ndio wa asili, si wa zamani sana. Rangi za mafuta zilikuwa zinahifadhiwa kwenye vibofu vya wanyama, zinakauka, zinapasuka njiani. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja aliyekuwa anaishi London, John Goffe Rand, mwenyewe mchoraji, akabuni tyubu ya bati yenye kizibo, na hapo ndipo wachoraji wa Ufaransa wakaja kuweza kutoka na rangi zote mfukoni na kumalizia picha kando ya mto. Kabla ya hapo wengi walichora nje kwa penseli tu, wakarudi chumbani kuunda mandhari yao. Ile picha ya Caspar David Friedrich, Mjerumani, ya mtu aliyesimama mwambani ametugeuzia mgongo juu ya bahari ya ukungu, ya mnamo 1818, imeunganishwa kwa miamba na vilele alivyovichora sehemu mbalimbali. Ukienda kule na picha mkononi, hutapata pa kusimama ukayaona yote kwa pamoja. Na Wachina walifanya hivyo karne nyingi kabla yake: mtu anatembea milimani siku nyingi, kisha anarudi nyumbani anachora mlima uliobaki ndani yake.

Na sisi watu wa kusini ndio wa mwisho wa kuona haya kwa jambo hili. Edward Tingatinga alizaliwa Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, akafa mwaka 1972; miaka minne tu, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Nyuma ya wanyama wake mara nyingi hakuna upeo wala kilima, ni rangi moja tu iliyosimama, na bado unajua uko porini na kuna joto. George Lilanga, Mmakonde wa Masasi, aliijaza dunia mashetani yenye masikio makubwa yanayocheza, yanayopika, yanayobishana. Hakuna aliyemwambia aende akakae juani awasubiri wapite.

Umeniuliza wenzako wa leo wanafanyaje huko nje. Nimesoma nilichoweza kwenye vitabu ulivyoniachia na kwenye intaneti ya kaka yako, na walionishika ni wachache. Peter Doig alizaliwa Edinburgh mwaka 1959, akakulia Trinidad na Kanada. Alipokuwa London ndipo alipochora theluji na maziwa ya Kanada na mtumbwi mweupe juu ya maji meusi, akitumia picha za kamera, picha za filamu na kumbukumbu. Mbali ndiko kulikompa picha. Nilipolisoma hilo nilikuwaza wewe, chumba kimoja Sinza, unachora ghuba.

Etel Adnan naye, mwanamke wa Beirut aliyezaliwa mwaka 1925, alihamia California akakutana na mlima mmoja, Tamalpais. Akauchora, akauchora, akauchora. Aliilaza kanvasi mezani na kupaka rangi kwa kisu, pembetatu ya kijani leo, kesho ya waridi. Alipokuwa Paris, mbali kabisa na ule mlima, bado aliendelea kuuchora. Dunia ilimjua kwa upana mwaka 2012, alipokaribia miaka 90. Ukizitazama zile picha hutaweza kumwelekeza mtu njia ya kufika mlimani, lakini mlima umo.

Aliyenikosesha usingizi ni Emily Kame Kngwarreye, bibi wa wenyeji wa Australia, wa nchi ya Alhalkere. Alishika kanvasi akiwa na miaka karibu 80, na alipofariki mwaka 1996 alikuwa ameacha picha zinazokadiriwa elfu tatu. Mwaka 1995 alitandika kitambaa cheusi cha mita 8 kwa mita 3, akakaa juu yake, na kwa siku mbili akachora mistari myeupe inayopinda na kukutana bila kuinua macho kutafuta chochote. Ni mizizi ya kiazi cha porini chini ya ardhi ya kwao. Mwanangu, ni ming'oko ile! Mwanamke aliyechimba tangu utotoni anajua mzizi unapita wapi kabla jembe halijagusa udongo. Kamera gani itakuletea hiyo? Na ni nyeupe juu ya nyeusi, kama chaki ubaoni. Nilitoka nje usiku ule nikakaa barazani.

Sikufichi, wapo wanaofanya kinyume na wanafanya vizuri. David Hockney, Mwingereza, mwaka 2007 alichora miti karibu na kijiji cha Warter kwenye kanvasi 50 zilizoungana, upana wake unapita mita 12, akiwa nje, majira ya baridi. Picha ilikuwa kubwa kiasi kwamba alihitaji kompyuta imwonyeshe ilivyo nzima. Yeye alisimama mbele ya miti. Simwoni kuwa mkweli kuliko yule bibi wa Alhalkere aliyekaa juu ya kanvasi yake.

Sasa nije kwenye picha yako, maana hapo ndipo uliponiuliza kweli.

Ule mlima naujua. Nilipoukuza kwenye simu niliutambua kabla sijamaliza kuukuza. Ulipokuwa na miaka saba ulikaa Newala kwa bibi yako mwaka mzima, akawa anakupeleka jioni Shimo la Mungu, mahali uwanda wa Makonde unapokatika ghafla, na chini kabisa ni bonde la Ruvuma na ng'ambo ni Msumbiji. Uliporudi huku ulikuwa hulali vizuri. Ulisema ukifumba macho ardhi inaisha. Umeuchukua ukingo ule ukauweka juu ya ghuba ambako ulijifunza kuogelea. Wala hukujua kwamba umefanya hivyo, ndiyo maana mzee yule alipokusema ulikosa jibu. Ule mlima usiufute. Kila ufa wake umeupaka kama mtu anayeogopa kuanguka.

Ila kuna kitu cha uongo kwenye picha ile, na mzee, Mungu amlinde, alikihisi akakosa kidole cha kukionyesha. Ni maji. Bahari uliyoipaka ni bahari ya kalenda. Ni ile buluu ya mabango ya hoteli, inayofanana kutoka Zanzibar hadi mwisho wa dunia, na mashua moja yenye tanga jeupe. Hukuitazama na wala hukuikumbuka. Uliiazima. Ghuba ya Mikindani ina mlango mwembamba, maji yanaingia kama mtu anayepita ukumbini, na bamvua likishatoka inabaki nusu nzima ya tope la kahawia lenye kung'aa kama mgongo wa kambare, madimbwi, majani ya bahari yaliyolala upande mmoja, na kulasitara mmoja anayetembea kama mkaguzi wa shule. Mikoko nayo umeisimamisha kama miti ya bustani. Mkoko hausimami, mwanangu, unajishikilia, na kila mzizi umeshika kwa namna yake.

Ndiyo sababu nasema swali lako lilikaa mahali pasipo pake. Ulikuwa unauliza kati ya kutazama na kubuni, kana kwamba ni mitaa miwili. Mlima wako umeutoa kichwani na ni wa kweli. Bahari yako inafanana na bahari iliyopo, rangi ya maji juu, pwani chini, na hapo ndipo umedanganya, kwa sababu haijapita mwilini mwako. Hata hizi programu za kompyuta zinazotengeneza picha kwa kuandikiwa maneno, kaka yako alinionyesha moja. Tukaiandikia "ghuba ya Mikindani jioni." Ikatoa bahari yako ile ile, na tanga jeupe juu.

Njoo nyumbani, lakini usije kuhakikisha mlima. Njoo siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu. Maji yakitoka tutashuka wote, viatu mkononi, hadi kwenye mikoko ya kule tulikokuwa tunaokota kombe. Usibebe kalamu, na simu iache kwa bibi. Utazame nusu saa, uingize miguu kwenye tope usikie linavyovuta, kisha urudi ndani, ufunge dirisha, uchore. Kesho yake urudi pale pale kutazama yale tu yaliyokukataa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nafanya na somo la mito: jioni naenda kuukodolea macho mfereji wa mvua nyuma ya shule, asubuhi nachora Ruvuma.

Jambo la mwisho. Jana nilimwonyesha bibi yako picha yako kwenye simu, sikumwambia ni ya wapi wala ya nani. Unajua yeye alipokuwa msichana maji yote ya nyumbani yalitoka bondeni, wakishuka jogoo la kwanza na mtungi kichwani na kupanda jua likiwa kali. Aliishika simu karibu na uso, akaisogeza mbali, akanyamaza. Maji hakuyatazama kabisa. Akaweka kidole juu ya mlima, akakishusha polepole hadi chini, akakirudisha juu, kisha akaniuliza:

"Na njia ya kushukia kisimani iko wapi?"

Wasalaam,
Mama yako