Vinasaba vya mtuhumiwa vikikutwa kwenye panga, je, kesi imekwisha?

Maswali ya wasomaji kuhusu sheria

SWALI: Mpendwa Mhariri, mdogo wangu yupo rumande kwa tuhuma za kumuua jirani yetu. Tumeambiwa kwamba vinasaba vyake, yaani DNA, vimekutwa kwenye mpini wa panga lililookotwa karibu na mwili wa marehemu. Ndugu wengi wamekata tamaa, wanasema kipimo hicho hakikosei na kwamba kuweka wakili ni kupoteza fedha. Panga lenyewe ni la nyumbani kwetu na lilikuwa likiazimwa na nyumba tatu au nne hapa mtaani. Tufanye nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mtafuteni wakili, tena sasa, kabla ripoti ya maabara haijasomwa mahakamani. Kipimo cha vinasaba hujibu swali moja tu: chembe hizi zimetoka katika mwili wa nani. Hakisemi zilifika hapo lini, zilifikaje, wala mwenye chembe alikuwa akifanya nini. Panga la nyumbani kwenu kukutwa na chembe za mdogo wako kwenye mpini ni jambo la kutarajiwa, hata kama siku ya tukio alikuwa safarini. Habari hiyo ya kuazimana panga inapaswa kufika mahakamani kupitia vinywa vya majirani waliolitumia, na wakili anapaswa kuuliza kama chembe za watu wengine zilionekana kwenye mpini huo, na kama damu iliyokuwa kwenye makali ilipimwa na kuthibitika kuwa ya marehemu.

Chembe za mtu zinaweza hata kufika mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga. Huko California, Marekani, mwaka 2012, mtu mmoja aliwekwa mahabusu kwa miezi kadhaa akituhumiwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vyake vilikutwa kwenye kucha za marehemu. Baadaye kumbukumbu za hospitali zilionyesha kwamba usiku wa mauaji alikuwa amelazwa, akiwa amelewa kupita kiasi. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliompeleka hospitali ndio hao hao walioitwa saa chache baadaye nyumbani kwa marehemu, na maelezo yaliyokubalika ni kwamba kifaa kidogo cha kupimia oksijeni, kile kinachobanwa kwenye kidole, ndicho kilichobeba chembe kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nchini Ujerumani nako polisi walimsaka kwa miaka mingi mwanamke asiyejulikana, ambaye vinasaba vyake vilionekana katika matukio takriban 40, likiwamo la kuuawa kwa askari polisi wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mwanamke huyo hakuwa mhalifu hata kidogo, bali mfanyakazi aliyeshiriki kutengeneza vijiti vya pamba ambavyo polisi walivitumia kuchukulia sampuli. Vijiti hivyo vilikuwa vimetakaswa na vijidudu vyote vimekufa, lakini kuua vijidudu hakufuti vinasaba.

Kwa hiyo swali ninalolipa uzito kuliko yote ni hili: panga hilo lilishikwa na nani, na kwa namna gani, tangu lilipookotwa hadi lilipofika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali? Kazi ikifanywa ipasavyo, mpelelezi huvaa glavu mpya, huacha kielelezo kikauke kwa hewa, kisha hukiweka ndani ya karatasi na si mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu, na unyevu huzalisha bakteria na ukungu wanaoharibu vinasaba. Bahasha hufungwa kwa lakiri, ikaandikwa tarehe, saa na jina la aliyeifunga, na kila anayeipokea husaini. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi zinazofuatana, zinazoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa na kilivyochunguzwa. Iwapo panga lilikaa kituoni kwenye kona ya chumba pamoja na nguo alizokuwa amevaa mdogo wako siku aliyokamatwa, hilo ni jambo zito, na wakili ana haki ya kumbana shahidi juu yake.

Sikilizeni pia tarakimu zitakavyotajwa. Mara nyingine chembe huwa chache au zimechakaa, na maabara hupata sehemu tu ya mpangilio wa vinasaba. Tuseme mtaalamu ameeleza kwamba mpangilio huo hupatikana kwa mtu mmoja kati ya milioni moja. Wengi wakisikia hivyo huamini kwamba uwezekano wa mshtakiwa kutokuwa na hatia ni mmoja kati ya milioni moja, na hapo ndipo wanapopotoka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 nchini Tanzania, kwa hiyo watu wapatao 60 wangeweza kuwa na mpangilio kama huo, na kipimo peke yake hakiwezi kusema ni yupi kati yao aliyeshika panga usiku ule. Mpangilio ukipatikana kamili idadi hiyo hushuka mno, na ndiyo maana ni lazima muulize ulikuwa kamili au nusu.

Kusema hivyo si kukidharau kipimo hiki, ambacho nakiheshimu sana, kwani katika kesi yake ya kwanza kubwa ya jinai kilianza kwa kumwokoa asiye na hatia. Wasichana wawili wenye umri wa miaka 15 walibakwa na kuuawa katika vijiji jirani vya Leicestershire, Uingereza, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri kumuua wa pili. Polisi, wakitaka kuthibitisha kwamba ndiye aliyewaua wote wawili, walimwomba msaada Alec Jeffreys, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester ambaye mwaka 1984 alikuwa amegundua namna ya kutofautisha watu kwa vinasaba. Majibu yalionyesha kwamba muuaji alikuwa mtu mmoja kweli, lakini si kijana huyo, pamoja na kukiri kwake kote. Wanaume wapatao 5,000 wakaombwa kutoa sampuli, na muuaji hakupatikana, kwa sababu Colin Pitchfork, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, alikuwa amemshawishi mwenzake akatoe damu kwa jina lake akiwa na pasipoti iliyobadilishwa picha. Mwenzake huyo aliropoka baa, aliyesikia akaenda polisi, na Pitchfork akakamatwa Septemba 1987. Vinasaba vyake vilipopimwa vikaafikiana na vya matukio yote mawili, na mwaka 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha. Maabara ilimfungulia mlango kijana, lakini aliyewaongoza polisi hadi kwa muuaji alikuwa raia aliyesikia maneno na hakunyamaza. Nanyi basi watafuteni mashahidi wenu kwa bidii hiyo hiyo.

SWALI: Binti yangu wa miaka 10 alinajisiwa na mtu tunayemjua. Kwa mshtuko nilimwogesha kabla ya kumpeleka hospitali, na daktari hakupata chochote cha kupima DNA. Sasa jamaa za mshtakiwa wanasema bila DNA hakuna kesi, na wanataka tuyamalize nyumbani. Je, wanasema kweli?
Mama, Mombasa

JIBU: Pole sana, mama, na pole kwa binti. Hawasemi kweli. Mahakama ya Rufani ya Kenya, ikiketi hapo hapo Mombasa, ilikwisha kueleza katika hukumu zake kwamba kosa la kubaka au kunajisi halithibitishwi kwa kipimo cha DNA peke yake, bali kwa ushahidi wote uliopo, na kwamba maelezo ya mdomo ya aliyetendewa yanaweza kutosha. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 124, inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la kingono kwa ushahidi wa mtoto pekee, mradi hakimu aridhike kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu za kuridhika kwake. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru mshtakiwa achukuliwe sampuli, lakini hakisemi kwamba kesi hufa zisipopatikana.

Kama nguo alizovaa siku hiyo hazijafuliwa, usizifue. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo na mfuko wake, umkabidhi mpelelezi na umwombe aandike kwamba amezipokea. Hakikisha fomu ya P3, yaani ile ya polisi ambayo daktari huandika aliyoyaona, imejazwa. Na kwa mzazi mwingine anayesoma haya: mtoto apelekwe hospitali kabla ya kuogeshwa, na kama tayari ameoga, apelekwe vilevile, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72.

Kuhusu kuyamaliza nyumbani, kataa. Uamuzi wa kusimamisha mashtaka ya namna hii haumo mikononi mwa familia yoyote kati ya hizo mbili.

SWALI: Mimi na pacha wangu tunafanana kabisa. Mmoja wetu akifanya kosa, maabara inaweza kumtambua?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Kwa kipimo cha kawaida cha polisi, haiwezi, ikiwa ninyi ni mapacha wa yai moja. Alama za vidole vyenu hata hivyo ni tofauti. Uchunguzi wa kina unaosoma vinasaba vyote huweza kuonyesha tofauti ndogo kati ya mapacha, lakini ni wa gharama kubwa. Mwaka 2009 vito vya thamani viliibwa katika duka kubwa la KaDeWe mjini Berlin, glavu ikaachwa, na vinasaba vilivyokuwamo vikaafikiana na vya ndugu wawili mapacha. Kwa kuwa haikuwezekana kuthibitisha ni yupi kati yao aliyeivaa, wote wawili waliachiwa.