Jibu: Nia, Lea au Asha kwa binti?

Habari, na hongera sana mama kijacho. Nimekuelewa hivi: unataka jina lisilozidi herufi nne, umebaki na Nia, Lea na Asha, na jina la ukoo linaanza na A.

Anzia kwenye hiyo A. Yote matatu yanaishia na a, kwa hiyo ukitamka haraka irabu zinamezana. Nasi tulikwama hapo hapo kwa mtoto wa kwanza. Nilisimama mlango wa nyuma nikaita jina kamili, mume wangu akiwa chumbani. Alichosikia ni neno moja refu lisiloeleweka. Tukaliacha siku hiyo hiyo, japo nilikuwa nimelipenda mno.

Kati ya hayo, Asha ndilo lenye nguvu. Ile "sh" ya katikati inasikika hata kwenye kelele, na asili yake ya Kiarabu inabeba maana ya uhai. Nia ni zuri kwa maana, ila kwenye simu watu watasikia Mia, na mia ni 100. Lea ni laini, na kwetu linagusa kulea.

Ukiona irabu bado zinagongana, jaribu Nuru au Siti.

Mwite tumboni kwa jina moja wiki nzima, halafu jingine. Jina la binti yetu wa pili tulilipata hivyo, siku ya tatu tu.