Katekisimu haifundishwi kwa kumnyima mtoto chakula

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, wa miaka mitano, minane na kumi na mmoja. Tangu nilipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa nimeanzisha darasa la Katekisimu Ndogo, kile kijitabu cha Luther cha kufundishia imani, nyumbani kwangu, kila usiku nikirudi kazini. Kila mtoto husimama na kukariri, na asiyeweza hali wala halali mpaka aweze, kwa kuwa Martin Luther mwenyewe, mwanzilishi wa Ulutheri, aliandika kwamba wasiotaka kujifunza wanyimwe chakula. Tatizo langu ni mke wangu. Juzi mdogo wetu alikwama kwenye Amri ya Nane akaanza kulia, na mama yake akambeba mbele ya wenzake, akampeleka jikoni na kumlisha. Nikimwuliza, anasema yeye huomba nao na kuwaimbia wakiwa kitandani, na kwamba hiyo inatosha. Mkubwa naye ameiga, kila jioni anaumwa kichwa. Je, nimwite mchungaji amwonye mke wangu anayepinga imani ndani ya nyumba yangu? Samaki mkunje angali mbichi. Baba Mwenye Uchungu."

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchungu huo, na hongera kwa kutambua kwamba kazi ya kuwafundisha watoto imani si ya mwalimu wa shule ya Jumapili peke yake. Wazazi wengi humpeleka mtoto kanisani kama wanavyompeleka kwa fundi wa kushona, wakisubiri kumchukua akiwa tayari siku ya kipaimara. Wewe hukufanya hivyo, na jambo hilo nalihesabu kwako. Lakini barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyomwona mkeo kuwa na haki.

Tuanze na neno ulilolipitia haraka. Mtoto wako mkubwa ana miaka kumi na mmoja, na darasa lilianza ulipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Miaka yote ya nyuma ni nani aliyemfundisha Sala ya Bwana? Ni nani aliyemfundisha kufumba macho kabla ya kula? Hukuandika, lakini jibu limo ndani ya malalamiko yako mwenyewe: ni huyo anayeomba nao na kuwaimbia kitandani. Mkeo alikuwa mwalimu wa imani katika nyumba hiyo kabla wewe hujafungua kitabu, na sasa unamwita mpinzani wa imani kwa sababu hakukubali mtoto wa miaka mitano alale na njaa. Nionavyo mimi, kilichokusukuma hasa ni hofu ya kuaibika mbele ya wazee wenzako iwapo watoto wako wataulizwa wakashindwa kujibu. Hofu hiyo naielewa, ila haifai kuwa mwalimu wa watoto.

Umemtaja Luther, nami sitamkwepa. Ni kweli kwamba katika dibaji ya Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 aliandika kuwa wazazi na mabwana wa nyumba wawanyime chakula na kinywaji wale wasiotaka kujifunza. Maneno hayo yapo, na ni makali. Lakini aliyaandika akiwa ametoka kukagua sharika za Saksonia, huko Ujerumani, ambako alikuta watu wazima waliobatizwa, wanaoshiriki Meza ya Bwana, na hata Sala ya Bwana hawaijui. Aliwalenga wanaokataa. Mtoto wako hakukataa. Alisimama, akajaribu, akakwama, akalia. Mtu anayekataa halii kwa kushindwa.

Tena dibaji hiyo hiyo inasema mambo mengine ambayo hukuyanukuu. Inasema hatuwezi wala haitupasi kumlazimisha mtu yeyote kuamini. Inamwagiza mfundishaji achague maneno ya namna moja na kudumu nayo, asibadilishe mwaka hadi mwaka, maana wadogo na wasiojua huchanganyikiwa. Inataka maneno yenyewe yatangulie na maana ifuate baadaye, na kwamba asihamie amri ya pili kabla ya kwanza haijaeleweka, la sivyo wanafunzi watalemewa na wasikumbuke hata moja vizuri. Sasa nieleze, mwanangu: mtoto wa miaka mitano amefikaje Amri ya Nane pamoja na maana yake, katika darasa moja na ndugu yake wa miaka kumi na mmoja?

Katika Katekisimu Kubwa, iliyotoka mwaka huo huo, Luther anazungumza na wazazi waziwazi zaidi. Anasema watoto walelewe katika kumcha Mungu kwa njia ya kitoto, kana kwamba ni mchezo, na kwamba kinachopatikana kwa fimbo tu hakizai tabia njema, kwa maana mtoto huwa mwema muda ule tu fimbo ikiwa mgongoni. Mwaka ule mwanawe wa kwanza, Hans, alikuwa hajatimiza miaka mitatu, na bila shaka alijua sauti ya mtoto anayelia usiku. Njaa ni fimbo, hata kama hukuinua mkono. Na mtoto anayeugua kichwa kila jioni kabla ya sala, anayejua vema ni saa ngapi baba anarudi, hamwigi mama yake. Amekwisha jifunza kutoka kwako kwamba Mungu huja pamoja na hatari, na hilo litakuwa gumu kulifuta kuliko kumfundisha Amri zote Kumi.

Naomba tubaki kidogo kwenye Amri ya Nane, kwa kuwa ndiyo iliyoleta ugomvi. Usimshuhudie jirani yako uongo. Maana yake katika kitabu hicho haiishii kwenye kuacha uongo na masengenyo. Inatutaka tumtetee jirani, tumseme vizuri, na mambo yake yote tuyafasiri kwa upande ulio mwema. Jirani yako wa kwanza ni mwanamke anayelala kando yako. Yeye alimbeba mtoto mwenye njaa na kumlisha. Wewe ukaifasiri huruma hiyo kuwa upinzani, ukaiandika kwenye barua, na sasa unataka kuipeleka kwa mchungaji. Watoto wako wawili wakubwa walikuwa wamesimama pale wakitazama. Usiku ule walifundishwa maana ya Amri ya Nane na mama yao, ambaye hata hakufungua kinywa.

Najua utanijibu kwamba baba ndiye kichwa cha nyumba. Sawa, na Katekisimu Ndogo yenyewe katika vichwa vya sehemu zake inasema ni namna mwenye nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Zingatia hapo kwenye urahisi. Na pale Mtume Paulo anapowapa akina baba kazi hii, sentensi yake inaanza na katazo: "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Hakuwaambia akina mama hivyo. Alijua ni jinsia ipi inayopenda kupandisha sauti. Huyo Paulo alipotaka kutaja chanzo cha imani ya Timotheo aliwataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike, wanawake wawili wa nyumbani.

Haya yanawahusu wengi kuliko wewe. Ndoa za siku hizi zimeingiwa na ugonjwa wa kushindana mbele ya watoto: huyu ni mkali wa vitabu, yule ni mpole wa nyimbo, na kila mmoja anataka watoto wamwone yeye kuwa ndiye mwenye Mungu wa kweli. Baba humdharau mama kwa kuwa hajui sura na aya, na mama humdharau baba kwa kuwa haonekani akipiga magoti. Wazazi wa namna hiyo wanaweza kukaririsha Imani yote, kutoka "Namwamini Mungu Baba" hadi "uzima wa milele", na bado mtoto akatoka hapo akijua tu kwamba dini ni jambo ambalo baba na mama hugombania. Afadhali nyumba yenye sala moja fupi ambayo wazazi wote wawili wanaiitikia "Amina".

Sasa fanya hivi. Leo chakula kitangulie, watoto wote wale washibe, wala lisitajwe tena suala la kunyimana. Kisha uwaambie watoto, mama yao akisikia, kwamba ulikosea na kwamba mama alifanya vema. Usiseme "kama niliwakosea", sema ulikosea. Hilo peke yake litakuwa somo la maungamo ambalo hakuna kitabu kitakachowapa.

Mdogo muache kwenye Sala ya Bwana, na hata hiyo mchukue ombi moja kwa juma, mkilisema pamoja wakati wa kumvalisha nguo au kumwosha miguu, kwa sababu Kumbukumbu la Torati haikuagiza darasa la kusimama, iliagiza maneno hayo yanenwe "uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo, na uondokapo." Wa miaka minane anaziweza Amri, moja moja, maneno yake tu kwanza. Mkubwa ndiye aliye tayari kwa swali lile linalorudiwa katika kitabu kizima, "Maana yake ni nini?" Lakini mgeuzie: yeye aulize, wewe ujibu. Katika kitabu cha Kutoka, usiku wa Pasaka, mtoto ndiye anayeuliza maana ya ibada ile na mzazi ndiye anayewajibika kueleza. Mpe mwanao kitabu akishike, akutazame ukijikwaa kwenye maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, akusahihishe. Luther alikiri kwamba pamoja na udaktari wake wa theolojia alibaki mtoto na mwanafunzi wa katekisimu, akiisema kila siku neno kwa neno. Dakika kumi zinatosha. Siku ukichelewa kazini, darasa halipo, na mama aendelee na nyimbo zake kama alivyokuwa akifanya miaka yote. Na siku ambayo hukuchelewa, usikae sebuleni ukimsubiri amalize; ingia chumbani, keti ukingoni mwa kitanda, uimbe nao. Kama huzijui nyimbo hizo, watoto watakufundisha.

Ule msemo wako wa samaki ni kweli, ila waliousema walimaanisha kukunja polepole kwa mikono miwili, na mkono wa pili katika nyumba yako ni wa mkeo. Mwombe akusaidie. Mwambie hivi: "Mama fulani, wewe umewafundisha miaka hii yote, nami nataka kuungana nawe." Usishangae akikaa kimya siku ya kwanza, maana amesikia mengi kutoka kwako.

Kuhusu mchungaji, usimwite kwa ajili ya kumwonya mkeo. Ukiona ni lazima umwite, basi mkeo awepo, na kitabu kiwe mezani, kimefunguliwa kwenye sala ya jioni. Mwombe mchungaji asome kwa sauti yale maagizo yanayofuata baada ya sala, pale panapoambiwa kwamba ukimaliza uende ukalale mara moja kwa moyo wa furaha, kisha mwambie ni saa ngapi watoto wako wamekuwa wakilala na katika hali gani.