Kwa aliyeuliza kuhusu Cedar ya Minneapolis: sinema ya mtaa iliyogeuzwa ukumbi wa muziki

Mkuu, umeuliza kama inafaa kutoa hela yako na kumpeleka mwanao wa miaka 9 kusikiliza muziki kwenye "jumba la sinema lililozeeka", wakati wewe umezoea bendi za kumbi za harusi na viwanja vikubwa. Nimeishi Minneapolis, Marekani, miaka 12 na Cedar nimeingia mara nyingi mno. Nenda, na mtoto umchukue. Pale wanapokea watu wa rika zote.

Cedar Cultural Center iko Cedar Avenue, katika mtaa wa Cedar-Riverside, ambao wenyeji huuita pia West Bank. Jengo lilifunguliwa mwaka 1948 kama sinema ya mtaa, ile ya watu kutoka majumbani kwa miguu kwenda kuangalia picha. Mwaka huohuo kituo cha televisheni cha KSTP kilianza kurusha matangazo mjini, na unajua televisheni ilivyoziua sinema za mitaa. Sisi wa Dar hatuhitaji kusimuliwa: Empress, Avalon, Empire, majina yamebaki kwa wazee tu. Cedar ilipata bahati nyingine. Tangu 1989 ni ukumbi wa muziki chini ya shirika lisilo la faida, na wengi utakaowakuta wakipokea tiketi mlangoni ni watu wa kujitolea.

Usitegemee mapazia ya mahameli wala dari za dhahabu. Ni chumba kimoja kipana chenye sakafu tambarare na jukwaa, kinachoingiza watu 600 na ushee. Mara ya kwanza nilivunjika moyo kidogo nilipoingia, nikaona kama ukumbi wa mikutano ya kijiji. Kisha muziki ukaanza.

Hapo ndipo nilipoelewa faida ya jengo la sinema. Ukipiga kofi kanisani au ndani ya uwanja wa mpira wa kikapu, sauti inazunguka ukutani na kurudi. Jumba la sinema lilijengwa kinyume chake. Filamu inakuja na sauti yake tayari, kwa hiyo kuta zinatakiwa zinyamaze, la sivyo maneno ya waigizaji yangegongana. Matokeo yake, mwimbaji akitamka neno unalipata neno zima. Mpiga ngoma akigusa ngozi kwa ncha za vidole, unasikia vidole. Nilishawahi kulipa fedha nyingi kwenye uwanja mkubwa mjini hapa kumwona mwanamuziki niliyempenda tangu shule. Nilimwona mdogo kama njiti ya kiberiti, na maneno yake yalinifikia yakiwa uji.

Lakini ukumbi mzuri hauokoi mtu aliyesimama pabaya. Siku ile ya kwanza nilijibanza pembeni, karibu kabisa na spika, nikidhani nimepata nafasi ya kifalme. Nilisikia besi na ngoma tu, na masikio yalilia mpaka asubuhi. Sasa huwa natafuta meza ya fundi mitambo na kusimama mbele yake, katikati. Yule anarekebisha sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo anachosikia yeye ndicho utakachosikia wewe. Mwanao mnunulie vizibo vya masikio kabla hamjatoka nyumbani, hasa kama ni bendi yenye magitaa ya umeme.

Ila kilichonifunga na ukumbi huu ni mtaa wake. Zamani hapa waliishi wahamiaji kutoka Skandinavia, na Cedar Avenue ilipachikwa jina la utani Snoose Boulevard, yaani barabara ya ugoro, kwa jinsi walivyokuwa wakiubwia. Leo ukitoka nje ya Cedar utayaona maghorofa ya Riverside Plaza yenye vibao vya rangi, ambako Wasomali wengi wanaishi. Mwaka 2014 Cedar ilianzisha pamoja na chuo cha Augsburg, kilicho mtaa huohuo, mpango walioupa jina la Midnimo, maana yake umoja kwa Kisomali. Wanamuziki wa Kisomali, Aar Maanta akiwa mmoja wao, walialikwa kukaa siku kadhaa, kufundisha na kupiga muziki mbele ya majirani.

Katika usiku mmoja wa muziki wa Kisomali nilikaa karibu na bibi mmoja mwenye mtandio wa buluu. Alitoka mzee na udi, ile ala ya nyuzi, wao huuita kaban, akaanza qaraami, nyimbo za mapenzi za Kisomali. Mimi nimelelewa na taarabu, udi naujua, lakini huu ulikwenda njia nyingine. Taarabu inapenda maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu. Wasomali hutembea kwenye sauti tano tu za muziki, na zile tano zinakukaa kifuani. Nikamnong'oneza mwenzangu kwa Kiswahili kwamba nimesisimkwa. Yule bibi akageuka, akanijibu. Alikuwa mtu wa Barawa, kule wanakozungumza Chimwini, na Chimwini ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Tukaelewana, maneno machache yakatupita. Akaniita mwanangu, nami nikampa shikamoo, akacheka sana.

Wimbo wa tatu bibi akainuka. Akapita katikati ya watu taratibu, akafika jukwaani, akamtunza mzee wa udi noti, kama tunavyotunza kwenye taarabu, kisha akarudi kukaa akijifuta macho. Hakuna mlinzi aliyemzuia. Kwenye uwanja wa watu 20,000 bibi yule asingefika hata kwenye ngazi. Pale hatua 15 tu zilimfikisha kwa mtu aliyekuwa akimwimbia habari za nyumbani kwao.

Mambo madogo: soma vizuri tiketi kama onyesho ni la kukaa au la kusimama, maana viti huwekwa na kuondolewa kulingana na onyesho. Yale ya kukaa niliyohudhuria mimi viti havikuwa na namba, kwa hiyo fika mapema. Kama fedha ni tatizo, uliza kuhusu Global Roots, tamasha lao la wanamuziki kutoka nchi mbalimbali. Miaka niliyokwenda halikuwa na kiingilio. Treni zipo mbili za kukufikisha: Blue Line, shuka Cedar-Riverside, au Green Line, shuka West Bank. Zote ni mwendo mfupi wa miguu, lakini kama ni Januari mvalishe mtoto vizuri, foleni inakaa nje na baridi ya hapa haina huruma.

Ukienda mwezi huu niambie siku. Mimi huwa mbele ya meza ya fundi mitambo, kofia ya kijivu, nami nitamtafutia mwanao mahali pa kuona bila vichwa vya watu kumziba.