Usianze na Viti

Kosa langu la kwanza katika kufufua gari kuukuu lilinila shilingi 28,000 na kuniachia harufu ya ukungu kwa miezi minne. Peugeot 404 ya babu, ya mwaka 1968, ilikuwa imelala chini ya mkaratusi kule Limuru kwa muda mrefu hivi kwamba panya walikuwa wameshazaliana ndani ya kiti cha nyuma. Nilipoivuta hadi Nairobi niliipeleka moja kwa moja kwa fundi wa viti. Nilitaka ipendeze, na ikapendeza kweli: viti vyekundu, zulia jipya, majirani wakija kupiga picha. Aprili mvua za masika zikafika. Asubuhi moja nikafungua mlango wa dereva nikakuta maji yamejaa chini ya pedali na zulia langu limeloa chapachapa.

Kwa hiyo anza na maji. Kabla hujanunua hata yadi moja ya kitambaa, keti ndani ya gari na tochi, mwenzako akamwagie kioo cha mbele kwa mpira wa maji. Aanze chini, apande pole pole, la sivyo hutajua maji yanaingilia wapi. Yangu yalipita kwenye raba ya kioo iliyokuwa imekauka kama kipande cha mti, yakateremka nyuma ya dashibodi juu ya nyaya, yakaishia sakafuni. Ng'oa pia yale mazulia ya lami yaliyobandikwa kwenye bati. Chini ya yangu kulikuwa na kutu inayopitisha kidole, na fundi wa kuchomelea alishinda siku mbili hapo. Raba niliitafuta wiki mbili Grogan, kule Nairobi kunakouzwa vipuri vya magari. Vipuri vya Peugeot 504 vipo tele kwa sababu gari hizo ziliunganishwa humu nchini, lakini raba ya 504 haikai kwenye 404, hata muuzaji akuapie kwa jina la mama yake. Mwishowe binamu yangu aliniletea kutoka Ufaransa, ndani ya sanduku la nguo.

Baada ya maji, nyaya. Chomoa betri, piga picha nyuma ya dashibodi kutoka kila upande, kisha bandika karatasi yenye namba kwenye kila waya, ncha zote mbili. Ndiyo, zote mbili. Plastiki ya nyaya za umri huo hupasuka ukizikunja tu. Fundi wangu alitaka kukata zote na kupitisha mpya, zote nyeusi, amalize siku hiyo hiyo. Nilikataa. Badilisha mmoja mmoja, kwa rangi ile ile na unene ule ule, ili atakayekuja kutafuta hitilafu miaka kumi baadaye asikulaani. Kwenye kisanduku cha fyuzi nilikuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imezungushiwa fyuzi iliyoungua. Babu hakuvuta sigara maisha yake yote, kwa hiyo najua ni kazi ya fundi. Ukiikuta kwako, itoe leo: fyuzi hiyo haitakatika, waya ndio utakaowaka. Taa za mbele nazo ziwekee relei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa, ili swichi ya zamani isibebe umeme wote peke yake.

Geji ya mafuta ilikuwa haisogei, na niliambiwa ninunue nyingine. Tatizo lilikuwa waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bati la gari, uliooza nyuma ya dashibodi. Msasa kidogo, skrubu mpya, basi. Mshale wa spidomita nao ulikuwa ukirukaruka kama panzi. Vuta kebo ya ndani, ioshe kwa mafuta ya taa, ipake grisi nyembamba, lakini inchi chache za juu uziache kavu, maana grisi hupanda na kuingia kwenye spidomita yenyewe.

Gia ndiyo iliyonitisha zaidi. Kwenye 404 mkono wa gia uko kwenye usukani, na wa kwangu ulikuwa unacheza kiasi kwamba nikitafuta ya pili napata ya nne. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia giaboksi. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha 404 za abiria kwenda Nakuru, zile tulizoziita Pijo, alicheka akaniambia nilale chini niangalie bushi, vile vipete vinavyoshika viungo vya mkono wa gia. Zilikuwa zimeisha kabisa. Fundi wa leithi, mashine ya kuchongea, pale Kariobangi Light Industries alinichongea nyingine kutoka kipande cha nailoni, akipima zile kuukuu. Ningekuwa nimezitupa, angepima nini? Ndiyo maana hadi leo nina uchungu na yule fundi wa viti: vitambaa vya asili alivitupa bila kuniuliza, na mishono ya awali sasa naikisia kwenye picha za harusi ya shangazi.

Usukani wenye nyufa usiubadilishe. Panua kila ufa kwa msumeno mdogo, jaza gundi ya epoksi, piga msasa, rangi. Mimi nilifanya Julai, na kwa baridi ile gundi ilikuwa bado laini siku ya tatu. Usukani ukalala jikoni karibu na jiko, na mke wangu hajaacha kulitaja jambo hilo.

Viti ndivyo vya mwisho. Juu ya springi tandika gunia la katani kabla ya sponji, vinginevyo chuma kitaila sponji hadi iwe unga. Kitambaa cha dari kiache juani kwanza kilainike, na vile vyuma vinavyokishika vipe namba unapovitoa, kwa kuwa kila kimoja kina mkunjo wake.

Dari yangu ilikamilika Ijumaa. Jumamosi nikaketi ndani na tochi, kijana wa jirani akamwaga maji kwa nusu saa. Tone moja likatokea kona ya kulia, juu ya kioo. Zulia bado limekunjwa chini ya kitanda.