Usimlete kinyonga kabla kizimba hakijapoa usiku

Mkuu, usimchukue huyo kinyonga Jumamosi. Mwombe muuzaji abaki naye wiki mbili zaidi, hata kama itabidi umlipe chakula chake. Umeuliza mambo manne: kama tangi la kioo la sm 90 kwa 45 kwa 45 linamtosha, alishwe nini, kama unaweza kumletea jike baadaye, na namna ya kumzoesha mkono. Lakini picha uliyoweka ina jambo linalotangulia hayo yote. Juu kuna taa nyekundu ya usiku, chini kuna vipande vya maganda ya miti vilivyolowa, pembeni maporomoko ya plastiki yanayozungusha maji, na umesema umeambiwa unyunyize mara tano mchana "ili iwe kama msitu". Seti ya aina hiyo ndiyo inayowaua vinyonga wa pembe tatu, tena polepole, na mwenye mnyama haoni kitu mpaka wiki ya mwisho.

Kinyonga wa Jackson (Trioceros jacksonii), yaani huyo wa pembe tatu unayetaka kumchukua, si mnyama wa joto. Kwao ni nyanda za juu za Kenya, yaani Mlima Kenya, Aberdare na Meru, na upande wa Tanzania yuko Mlima Meru, kuanzia kama mita 1,600 kwenda juu. Wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani ni wa nususpishi ya xantholophus, wale wa Mlima Kenya ambao mwaka 1972 walifikishwa Hawaii wakazaliana huko mwituni. Wewe umesema umekulia Nyeri, kwa hiyo usiku wa Julai unaujua. Huyu mnyama hulala nje kwenye tawi katika baridi ile ile, umande ukamlowesha mgongo, akalamba matone alfajiri, halafu jua likitoka anapanda kuliota mpaka anakauka kabisa. Mwili wake umezoea mpangilio huo: baridi na unyevu usiku, joto la wastani na ukavu mchana. Seti uliyouziwa imeupindua. Mchana inamlowesha, usiku inampasha joto, na hewa haitoki saa zote 24.

Hewa yenye joto na unyevu ikisimama mahali pamoja, bakteria na kuvu huongezeka kwenye majani, kwenye maganda yale ya chini na kwenye maji yanayozunguka na mavi ndani yake. Kinyonga anaivuta. Watambaazi hawana kiwambo kama chetu cha kusukuma hewa kwa nguvu, kwa hiyo hawezi kukohoa akatoa makohozi. Yakishaingia mapafuni yanakaa. Dalili za kwanza ni ndogo sana: analala ameinua kichwa juu badala ya kukilaza, unasikia mlio mdogo wa kupasuka akivuta pumzi, puani kuna povu kidogo. Kuachama mdomo peke yake si dalili kamili, kwa sababu huachama pia akizidiwa na joto chini ya taa. Lakini akiachama kulipopoa, hayo tayari ni mapafu. Hapo utamtafuta daktari wa wanyama anayejua watambaazi (si kila daktari wa mbwa na paka anawajua), achukue ute akaupime, aandike sindano za antibiotiki za wiki kadhaa, na gharama hiyo itapita bei ya kinyonga na kizimba chake kwa pamoja. Na kinyonga mdogo wa miezi mitano kama huyo wako mara nyingi hafiki mwisho wa dozi.

Kwa hiyo nina kanuni moja tu, nitairudia mpaka uchoke: kizimba kikauke kila mchana, kipoe kila usiku. Kisipofanya hayo mawili, taa ghali na mimea mizuri haitamsaidia.

Niseme na hao wauzaji wa "seti kamili". Taa nyekundu haina kazi yoyote kwa kinyonga. Wanasema hauoni mwanga mwekundu. Si kweli, anauona, na unamvuruga usingizi. Ubaya zaidi ni kwamba inazuia ule upoaji wa usiku anaouhitaji. Nyumba ya Birmingham, huko Uingereza unakoishi, hata wakati wa baridi haishuki kufikia kiwango cha kumdhuru huyu mnyama, labda umlaze nje. Jiwe la umeme la kupasha joto chini ndiyo kabisa: huyu ni mnyama wa matawini, joto lake linatoka juu, na wanaolala juu ya mawe hayo huungua tumbo kabla hawajahisi. Anayekuuzia vitu hivyo pamoja na mnyama wa mlimani ama hamjui, ama anamjua na anataka tu kumaliza mzigo wa rafu. Vyote viwili vinanikasirisha, kwa sababu mnunuzi ndiye anayebaki na lawama kwamba "hakumtunza".

Sasa tangi lenyewe. Kioo si sumu; shida ni hewa. Taa ikiwashwa, hewa ya ndani inapata joto na kutaka kupanda, lakini bila nafasi chini ya kuingilia hewa mpya hakuna kinachosogea. Tena tangi lako limelala. Sm 90 zake ni za urefu wa chini, na kinyonga anahitaji kimo. Mpe kizimba cha sm 60 kwa 60 kwa kimo cha sm 120. Kipungufu kabisa kwa dume mmoja ni 45 kwa 45 kwa 90, na mimi singefanya hivyo kwa mdogo ambaye ataongezeka.

Wavu uwe wa alumini uliopakwa rangi. Wavu wa kuku unakwaruza nyayo na kung'oa kucha, na ule wa nyuzi za plastiki wa madirisha ya mbu nyenje wanautoboa kwa meno wakatapakaa nyumba nzima. Lakini usikubali pia wanaosema "wavu pande zote" bila kuuliza unaishi wapi. Redieta za Uingereza zikiwaka kuanzia Novemba, hewa ya chumbani inakauka mno, na kizimba cha wavu mtupu kinapoteza unyevu wote ndani ya dakika chache. Funika nyuma na pande mbili kwa bapa la plastiki la milimita 3. Mbele acha wavu wa sm 15 hadi 20 chini ya mlango, na juu acha wavu mtupu. Hewa inaingia chini mbele, inapashwa, inatokea juu. Kuhakikisha, washa kijiti cha udi mbele ya ule wavu wa chini kizimba kikiwa kitupu. Moshi ukiingia na kupanda ukatokea juu bila kuzunguka ndani, hewa inapita. Ukijikusanya katikati, ongeza nafasi ya chini. Usifanye hivyo kinyonga akishaingia.

Chini usiweke chochote. Si maganda, si udongo, si nyuzi za nazi. Plastiki tupu yenye matundu na sinia ya kukingia maji, au karatasi unayobadilisha. Ulimi wake unanata, akikosea nyenje anameza kipande cha ganda, utumbo unaziba. Kizimba chenyewe kiweke juu ya meza, tawi lake la juu lipite kimo cha macho yako, kwa sababu akiangaliwa kutoka juu anaona ndege anayetaka kumla. Mbali na televisheni, mbali na mlango unaofunguka kila saa, na si kwenye dirisha la jua ukidhani anapata mionzi. Kioo cha dirisha kinazuia karibu UVB yote (mionzi ya urujuanimno anayoihitaji kwa mifupa) na kuacha joto tu.

Mimea halisi: Ficus benjamina mmoja mkubwa katikati, Schefflera arboricola upande wa pili, na pothosi wa kutambaa chini. Toa udongo wa dukani wote ikiwa una chembe za mbolea, osha majani kwa maji mengi, rudishia udongo safi, na funika uso wa chungu kwa mawe makubwa kuliko kichwa chake. Matawi yawe ya unene tofauti, kuanzia wa penseli hadi wa kidole gumba, mengi yakilala mlalo, yafungwe kwa vifungo vya plastiki yasitikisike. Acha upande mmoja wenye majani mazito kabisa ambako anaweza kupotea usimwone. Kinyonga asiye na pa kujificha hali, na hutajua kwa nini.

Taa ya mionzi: hiyo ya kuzunguka kama springi iliyokuja na seti, irudishe. UVB yake haifiki mbali. Nunua tyubu ndefu nyembamba ya UVB yenye nguvu, aina ya T5 HO, ya wati 24, asilimia 6 (baadhi ya kampuni huandika 5.0), yenye kiakisi. Tyubu hiyo ina karibu sm 55, inakaa sawasawa juu ya kizimba cha sm 60. Wavu unapunguza kama theluthi ya mionzi, kwa hiyo tawi la kuotea liwe sm 15 hadi 20 chini ya wavu, ukihesabu mgongo wake na si tawi lenyewe. Ukiweza kuazima kipimo cha UVI (namba ya ukali wa mionzi hiyo) kwenye kikundi cha wafugaji wa watambaazi, lenga 2 hadi 3 pale mgongo unapokaa. Badilisha tyubu kila baada ya miezi 12 hata kama bado inawaka, kwa sababu mwanga tunaouona unabaki huku UVB ikiisha. Bila UVB mifupa inalainika, miguu inapinda matege, taya linalegea na ulimi unashindwa kutoka.

Joto la kuota ni nyuzi 27 hadi 28 kwenye tawi moja tu, sehemu nyingine zote 21 hadi 24. Kwa chumba cha kawaida cha Uingereza balbu ya wati 40 au 50 inatosha, iinuliwe sm 5 hivi juu ya wavu, maana kinyonga hupanda akaning'inia chini ya dari na kuungua kofia ya kichwa. Taa zote ziwe kwenye taima: saa moja asubuhi hadi saa moja usiku. Balbu ya joto unaweza kuizima saa sita mchana akishaota vya kutosha.

Maji: bakuli hataligusa, anakunywa matone yanayotembea kwenye majani. Nyunyiza dakika mbili mara taa zinapozimwa, tena dakika mbili saa moja kabla hazijawashwa. Mashine ndogo yenye taima inafanya hayo ukiwa umelala. Alasiri weka chombo cha kudondosha, tone moja kwa sekunde moja au mbili, kwa saa moja, lidondokee majani na siyo kichwa chake. Kufikia saa nne au saa tano asubuhi jani lolote ukiligusa liwe kavu. Kama bado limelowa, punguza unyunyizaji au ongeza hewa. Mashine ya ukungu usiiwashe kabisa usiku chumba kikiwa juu ya nyuzi 18, maana hapo umerudia tangi lile lile. Choo chake kitakuambia kama anakunywa: ile sehemu ya mkojo ulioganda ikiwa nyeupe, sawa, ikiwa ya machungwa, ana kiu.

Chakula kwa haraka: nyenje watano hadi wanane kwa siku kwa umri wake, wasizidi upana kati ya macho yake, uwalishe sukuma wiki na karoti saa 24 kabla. Vumbi la kalsiamu tupu kidogo sana kila mlo, yenye vitamini D3 na vitamini nyingine mara moja au mbili kwa mwezi basi. Jackson akizidishiwa vitamini anavimba shingo.

Na karatasi ya muuzaji inayoonyesha amezaliwa kizimbani uidai, maana spishi hii iko Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na wa mwituni huja na minyoo. Walio nyumbani Kenya wanaosoma hapa: huyo aliye kwenye ua wako bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwache kwenye ua.

Jike na kumzoesha mkono vingoje; turudi kwenye jambo lenyewe. Jenga kizimba, panda mimea, washa kila kitu kwenye taima, na ukiache kitupu kwa siku saba. Nunua vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye kipimaunyevu na kumbukumbu ya juu na chini kabisa. Vile vya kubandika vyenye mshale kama saa vinadanganya. Kimoja kwenye tawi la kuotea, kingine katikati ya majani. Usiku unatafuta nyuzi 14 hadi 16 kwa mdogo wako, usizidi 18, na unyevu wa asilimia 80 kwenda juu. Mchana unyevu ushuke hadi 40 au 50. Chumba kikigoma kupoa, geuza valvu ya redieta hadi namba 1 saa mbili usiku na fungua dirisha kidogo upande usiopuliza kizimba. Kikigoma bado, tafuta chumba kingine cha kuwekea kizimba.

Andika namba za saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana kila siku, ubandike hapa usiku wa saba ukishapita. Nitaziangalia moja moja kabla hujampigia muuzaji.